Kulala Kitanda Kimoja na Mwenye Usingizi Mzito Mkiwa na Mtoto Mchanga

Katika nyumba nyingi za kwetu mtoto mchanga hulala alipo mama yake, na mama hulala alipo baba. Chumba ni kimoja, kitanda ni kimoja cha futi 5 kwa 6, na chandarua kinachowakinga wote watatu na mbu ni hicho kimoja kilichofungwa darini. Mpango huo una faida zake za kweli, kwa kuwa mama hunyonyesha bila kutoka kitandani na humhisi mtoto akianza kuhangaika kabla hajafikia kulia. Tatizo huja pale mmoja wa watu wazima wawili anapokuwa mtu wa kulala fofofo, usingizi wa pono, ambaye hata ngoma ikipigwa chini ya dirisha hageuki. Mtu huyo hasikii mtoto akilia saa 8 usiku, na hatari iliyo kubwa kuliko hiyo ni kwamba huenda asihisi mkono au mgongo wake unapomlalia mtoto.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wazazi walio katika hali hiyo, hasa wale wasio na chumba cha pili. Msingi wake ni kwamba usalama wa mtoto usitegemee hata kidogo kuamka kwa mwenye usingizi mzito. Pangeni kitanda kana kwamba hataamka hadi asubuhi, kisha mtafute msaada wake katika saa ambazo yuko macho au ambazo anaamshika vizuri.

Usingizi mzito ni kitu gani

Ninaanza hapa kwa sababu jambo hili huleta ugomvi katika nyumba nyingi miezi ya mwanzo ya mtoto, mama akiamini kwamba mumewe anasikia na anajifanya hasikii. Siwezi kukataa kwamba wapo wanaojifanya, lakini usingizi mzito upo kweli na una sababu zake mwilini. Usingizi wa binadamu huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na ndani ya mizunguko hiyo kuna vipindi vya usingizi wa kina ambavyo humfanya mtu awe mgumu sana kuamshwa na sauti. Vipindi hivyo huwa virefu zaidi katika theluthi ya kwanza ya usiku, kisha hupungua kadiri alfajiri inavyokaribia. Watu pia hutofautiana kwa maumbile: mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walionyesha kwamba wale ambao ubongo wao hutoa kwa wingi aina fulani ya mawimbi mafupi wakati wa usingizi huvumilia kelele kuliko wenzao bila kuamka. Juu ya maumbile huongezeka uchovu. Dereva wa bodaboda aliyekuwa barabarani tangu saa 11 alfajiri, au fundi aliyebeba zege mchana kutwa, akiweka kichwa chini huzama moja kwa moja katika usingizi wa kina, na hukaa humo kwa muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu mwili unafidia ulichokikosa.

Hapo yapo mambo mawili ya kufanyia kazi. Kwanza, kumwamsha saa 6 usiku mtu aliyelala saa 4 ni kazi ngumu, ilhali kumwamsha mtu huyo huyo saa 10 alfajiri huwa rahisi zaidi. Pili, mama naye akikosa usingizi kwa siku kadhaa mfululizo anaweza kugeuka mtu wa usingizi mzito, ingawa maisha yake yote alikuwa akiamshwa na mlio wa panya darini. Nitarudi kwake baadaye.

Kuna usingizi mwingine mzito ambao haupangiwi zamu wala mpangilio wa kitanda, nao ni ule unaoletwa na vitu. Pombe ni mojawapo. Dawa za mafua na za mzio zinazosinzisha ni nyingine, kama klorofeniramini, ambayo wengi huiita piritoni, na promethazini; vilevile diazepamu, amitriptilini na dawa kali za maumivu. Mtu aliyetumia kimojawapo cha vitu hivyo, awe baba au mama, asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga usiku huo, hata kama ametumia kidogo na hata kama anajiona yuko sawasawa.

Mahali pa kumlaza mtoto

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika ushauri wake wa mwaka 2022, kinataka mtoto alale chumba kimoja na wazazi wake kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, lakini juu ya sehemu yake mwenyewe iliyo ngumu na tambarare, akiwa chali, bila mto wala nguo zilizolundikwa karibu naye. Uingereza nayo inashauri chumba kimoja kwa miezi 6. Najua wapo wanaousoma ushauri huo kama jambo la watu wenye nyumba kubwa. Lakini hauhitaji nyumba kubwa. Unahitaji nafasi ndogo kando ya kitanda, upande wa mama, ambayo mkono wake unaifikia bila yeye kusimama, na familia yenye mlalaji mzito ina sababu zaidi ya familia nyingine yoyote ya kuitafuta nafasi hiyo.

Njia iliyo bora ni kitanda kidogo cha mbao. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukitengeneza, mradi apewe vipimo: nafasi kati ya ubao mmoja na mwingine isizidi sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipenye na kichwa kubaki, na godoro lijae kitanda chote kiasi kwamba vidole viwili visipite kwa urahisi kati yake na ubao. Godoro liwe gumu. Sponji laini inayobonyea mtoto akilazwa juu yake haifai, hata kama muuzaji anaisifu kwamba ni ya watoto, kwa sababu mtoto akigeuza uso hukosa hewa ndani ya shimo alilolifanya mwenyewe. Ukubwa wa chandarua cha familia ukitosha kufunika vitanda vyote viwili, ni vyema. Usipotosha, mtoto awe na chandarua chake. Vile vyandarua vidogo vya kukunjua kama mwamvuli, vinavyouzwa madukani pamoja na kigodoro na vimito, vitumike bila vimito. Mtoto mchanga hahitaji mto wa aina yoyote, wala ule unaosemwa kwamba humtengeneza kichwa.

Asiyeweza kupata kitanda kidogo aangalie walivyofanya Wamaori wa New Zealand. Katika miaka ya 2000 wahudumu wao wa afya waliona kwamba kuwakataza mama wasilale na watoto hakukuleta mabadiliko waliyoyataka, kwa hiyo wakatengeneza kikapu kinachosukwa kwa majani, chenye kitako bapa na kingo ngumu, kiitwacho wahakura. Kikapu huwekwa juu ya kitanda cha wazazi, mtoto akawa karibu na mama huku ana mipaka yake ambayo mwili wa mtu mzima hauivuki kwa urahisi. Baada ya tetemeko la Christchurch la mwaka 2011 likaongezwa boksi la plastiki la kazi hiyo hiyo. Finland nayo imekuwa ikigawa boksi la vifaa vya mtoto tangu mwaka 1938, na watoto wengi walilala ndani ya boksi lenyewe. Sisi tunao wasusi wa ukindu na tunayo mabeseni mapana ya plastiki, hivyo kifaa hakikosekani. Kinachotakiwa ni kingo zisizobonyea zikikandamizwa kwa kiwiko, kitako bapa kisichotikisika, na kitambaa kimoja kilichotandikwa kikakazwa chini. Kikapu hicho kikae upande wa mama, kamwe kisikae katikati ya wazazi, wala kisipandishwe juu ya kiti au stuli.

Ikiwa hata hilo haliwezekani, basi anayepaswa kutoka kitandani ni mwenye usingizi mzito. Desturi zetu zinaliruhusu jambo hili. Pwani, katika zile siku 40 za uzazi, mara nyingi mzazi hulala na mama yake, shangazi au somo wake, na mume hupisha. Kwa maoni yangu hakuna ubaya wowote kuirefusha desturi hiyo hadi mwezi wa nne au wa tano, mume akalala juu ya godoro dogo sakafuni, na chandarua chake, ndani ya chumba kile kile. Mambo haya yazungumzwe mapema, kabla ya kujifungua ikiwezekana, ili mume asione amefukuzwa na mawifi wasipate la kutafsiri.

Kwa wale ambao baada ya yote haya bado watalala watatu kitandani, mpangilio uwe hivi. Godoro lishushwe sakafuni juu ya mkeka, mbali na ukuta, ili mtoto asianguke kutoka juu wala asibanwe kati ya godoro na ukuta. Ile nafasi ya vidole vinne kati ya kitanda na ukuta, ambayo watu wengi hudhani inamkinga mtoto asianguke, ndiyo ninayoiogopa kuliko ukingo ulio wazi, kwa sababu mtoto huteleza humo bila sauti. Mwenye usingizi mzito alale upande mmoja, mama katikati, mtoto upande wa pili wa mama. Mtoto asiwekwe katikati ya wazazi hata kwa dakika chache za kumnyonyesha. Mama alale ubavu akimwelekea, magoti yakiwa yamekunjwa chini ya nyayo za mtoto na mkono wa chini, ule anaoulalia, ukiwa umepita upande wa juu wa kichwa chake, mtoto akiwa usawa wa titi na si usawa wa mto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, waliowarekodi mama usiku kwa kamera, waliona kwamba mama wanaonyonyesha hujikunja hivyo wenyewe bila kufundishwa. Baba hana mazoea hayo, na hiyo ni sababu nyingine ya kutomweka mtoto upande wake.

Blanketi la mlalaji mzito lisiwe blanketi la mama na mtoto. Mtu wa usingizi mzito akigeuka hulivuta blanketi lote, au hulisukuma lote upande wa pili, na kwa mtoto mambo hayo mawili ni mabaya kwa njia tofauti. Kila mtu mzima awe na shuka au blanketi lake, la mama lisipande juu ya kiuno chake, na mtoto avalishwe nguo za kutosha badala ya kufunikwa. Dar es Salaam au Mombasa nguo moja nyepesi hutosha usiku wa joto. Njombe au Limuru atahitaji zaidi. Mguse kifuani au nyuma ya shingo ujue hali yake, kwa kuwa viganja vya mtoto huwa vya baridi hata akiwa na joto la kutosha. Nywele ndefu za mama zifungwe nyuma. Uzi mweusi, shanga au hirizi iliyofungwa shingoni ivuliwe wakati wa kulala. Wazee wakiuliza, waelezwe kwa adabu kwamba kamba yoyote shingoni mwa mtoto inaweza kumkaba usiku bila mtu kujua.

Kwa walio nyanda za baridi nasisitiza hili: jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba, hata likiwa limebakiza majivu mekundu tu. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na mlalaji mzito ndiye wa mwisho kugundua kwamba kichwa kinamuuma.

Kuhusu kulala chali, bibi wengi hupendelea ubavu au kifudifudi wakihofia mtoto atapaliwa akicheua. Hofu hiyo inaeleweka, lakini maumbile yanasema kinyume. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa huwa juu na njia ya chakula huwa chini yake, hivyo maziwa yanayorudi hutelemkia yalikotoka. Akilala kifudifudi hali hiyo hugeuka. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na katika nchi zote mbili vifo vya ghafla vya watoto wachanga vilipungua kwa nusu au zaidi katika miaka iliyofuata.

Wapo watoto ambao kwao sishauri kitanda cha pamoja kwa namna yoyote ile akiwapo mlalaji mzito: aliyezaliwa kabla ya wiki 37, aliyezaliwa na uzito usiofika kilo 2.5, na yule ambaye mzazi wake mmojawapo anavuta sigara, hata kama huvutia nje. Mtoto njiti anaweza kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi kama wauguzi wanavyofundisha katika huduma ya kangaruu, ila mbebaji awe ameegemea, amefungiwa mtoto barabara, na awepo mtu mwingine aliye macho. Kochi nalo lisitumike kulala na mtoto, awe yeyote. Mzazi anayesinzia kwenye kochi na mtoto kifuani humweka mahali pa hatari kuliko hata kitanda, kwa kuwa mtoto huteleza kati ya mwili wa mzazi na mito akabanwa hapo.

Kuingia kitandani

Ajali nyingine haihusiani na kujigeuza usingizini. Baba anarudi kazini saa 7 usiku, umeme umekatika, hataki kuwaamsha waliolala, anavua viatu mlangoni na kujitupa upande wake kama kawaida. Usiku huo mama alikuwa amemsogeza mtoto upande huo akibadilisha nepi, usingizi ukampitia. Kwa hiyo iwekwe kanuni ya nyumba, nayo ishikwe na kila mtu akiwemo mgeni: hakuna anayepanda kitandani kabla ya kuwasha taa, ya simu ikibidi, na kupapasa kwa mkono mahali pote anapotaka kulala. Mtoto akisogezwa, mama amwambie mwenzake kwa sauti na asubiri jibu lenye maana. Mlinzi au muuguzi anayerudi asubuhi kulala mchana naye afuate kanuni hii hii, kwani mchana ndipo mtoto huachwa kitandani chini ya kanga huku mama akiwa uani anafua.

Kaka au dada wa mtoto mwenye umri wa miaka miwili au mitatu asilale ubavuni mwa kichanga. Watoto wa umri huo ni walalaji wazito wote, hurusha miguu, na hawawezi kufundishwa tahadhari. Alale na baba kwenye godoro la sakafuni.

Kugawana usiku

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na kwa kuwa baba hana maziwa, wengi huishia kuona kwamba hana kazi usiku. Kazi anayo, ila haipo saa 7 usiku. Baba mwenye usingizi mzito achukue zamu kabla hajalala. Tangu saa 2 hadi saa 5 usiku mama alale, kweli kweli alale, na baba abaki macho na mtoto, akimletea anyonye pale anapohitaji kisha akimchukua tena kumcheulisha na kumbadilisha nepi. Saa tatu za usingizi usiokatizwa sana mwanzoni mwa usiku humsaidia mama kuuvuka usiku uliobaki. Baba akae kwenye kiti kigumu, au asimame na kutembea, na akihisi macho mazito amrudishe mtoto mahali pake mara moja bila kungoja.

Zamu ya pili ni ya alfajiri. Baba ambaye huamka kwa adhana ya Alfajiri, au anayeamshwa saa 11 ili awahi daladala, anaweza kumchukua mtoto baada ya kunyonya kwa saa nzima au zaidi kabla ya kutoka. Wakati huo usingizi wa kina umeshapungua na kumwamsha hakuhitaji vita. Kati ya saa 5 usiku na saa 10 alfajiri usiku ni wa mama, na ni haki yake kuukuta umeandaliwa: chupa ya maji ya kunywa, uji au chai ndani ya chupa ya kutunza joto, nepi zilizokunjwa tayari, vitambaa viwili vya kufutia, mfuko wa kutupia uchafu, na taa ndogo isiyomulika usoni, vyote vikiwa juu ya sinia moja mahali ambapo mkono wake unafika. Kuliandaa sinia hilo kila jioni, na kufua nepi za jana bila kukumbushwa, ni kazi halali ya baba asiyeamka usiku. Kuna mama watakaosema bado haitoshi, nami nakubaliana nao kwa usiku ambao mtoto ana homa au analia bila kunyamaza. Usiku huo mwenzake aamshwe, apende asipende.

Likizo ya uzazi ya baba itumiwe kwa hesabu. Sheria ya Tanzania humpa mfanyakazi siku 3, ya Kenya wiki 2, ya Uganda siku 4 za kazi. Kama siku ni chache hivyo, nashauri zitumike kwa usingizi wa mchana wa mama kuliko kupokea wageni wa pongezi.

Namna ya kumwamsha

Kuita jina kutoka upande wa pili wa kitanda hakutoshi. Mlalaji mzito hujibu "eeh, nimeamka" akiwa amefumba macho, kisha sekunde chache baadaye hakumbuki kwamba aliitwa. Anza na taa, imulike upande wake. Kisha mshike bega umtikise, au mguse uso kwa kitambaa chenye maji baridi, na umwite kwa jina analoitwa siku zote. Mpe amri fupi ya kufanya kitu kwa mwili: "Baba Zuhura, simama, niletee nepi pale mezani." Akiwa amesimama na kutembea hatua kadhaa, mwulize swali linalohitaji kufikiri, kwa mfano mtoto alinyonya titi gani mwisho. Akijibu ovyo, bado amelala.

Mtoto asikabidhiwe kwa mtu aliye katika hali hiyo. Akili ya aliyeamshwa kutoka usingizi wa kina huchukua dakika kadhaa, wakati mwingine nusu saa, kurejea kamili, na katika muda huo mikono yake haina uhakika. Anawe uso, anywe maji, akae wima, ndipo ampokee mtoto.

Kengele ya simu ni msaada ikiwekwa mbali, juu ya kabati kwa mfano, ili mwenyewe alazimike kusimama kuizima. Simu isiwekwe chini ya mto ikiwa inachajiwa. Saa ya mkononi yenye mtetemo humfaa zaidi anayeshindwa na sauti, na haimshtui mtoto. Ikiwa mtu huyo hukoroma kwa nguvu, pumzi ikakatika kwa sekunde kadhaa kisha ikarudi kwa kishindo, na mchana anasinzia hata akizungumzishwa, hayo si mazoea ya kulala tu; aende hospitali akachunguzwe, kwa kuwa njia yake ya hewa huenda inaziba usingizini, na tatizo hilo lina tiba.

Mama akiwa ndiye mwenye usingizi mzito

Hili husemwa kwa aibu, na wako mama wanaolificha hadi jambo litokee. Halina aibu. Mama aliyepoteza damu nyingi, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye upungufu wa damu au aliyekesha na uchungu kwa siku mbili anaweza kulala asisikie mtoto kabisa. Kwake yeye kitanda cha pamoja kisifikiriwe, na mtoto awe na mahali pake tangu usiku wa kwanza. Apatikane mtu wa usingizi mwepesi wa kulala chumba hicho, awe mama mzazi, mama mkwe au mdogo wake, ambaye kazi yake si kumlea mtoto usiku kucha bali kusikia na kumwamsha mwenye titi. Akinyonyesha amekaa, msaidizi huyo abaki macho hadi mtoto amerudishwa mahali pake.

Asiye na mtu wa kumsaidia aweke kengele kila baada ya saa 3. Katika wiki mbili za mwanzo, hadi mtoto arudie uzito aliozaliwa nao, asiachwe apitishe saa 4 bila kunyonya, hata akiwa amelala kwa utulivu. Mtoto anayelala mno na kunyonya kidogo anaweza kuwa mgonjwa. Macho au ngozi kuwa ya manjano, hasa viganjani na nyayoni, homa ya nyuzijoto 37.5 na kuendelea, mwili wa baridi usiopata joto, pumzi za haraka zinazofika 60 kwa dakika, au kukataa titi kabisa, ni mambo ya kumpeleka kituo cha afya saa hiyo hiyo bila kungoja kupambazuke.

Mtoto anapokua

Mpangilio wote huu hubadilika mtoto anapoanza kujigeuza, kwa wengi kati ya mwezi wa nne na wa sita, wengine mapema zaidi. Siku atakayoonyesha dalili za kugeuka, acheni kumfunga kwa kanga mikono ikiwa ndani, na kikapu au beseni litolewe kitandani, kwani anaweza kulipindua. Ndipo kitanda cha mbao kinapokuwa cha lazima kwa aliyekuwa akikiahirisha, na kama hakijapatikana, godoro libaki sakafuni na mlalaji mzito abaki upande wake. Endeleeni kumlaza chali kila mara hadi afikishe mwaka; akijigeuza mwenyewe, na akawa tayari anaweza kujirudisha, si lazima kumrudisha kila anapogeuka. Baba anayetaka kurudi kitandani asubiri hadi mtoto awe na mahali pake pa kudumu, si hadi arobaini itoke.